Nyii ya Saa Saba Mchana

Dashibodi nyingi za magari yetu zilianza kulia siku zilipobadilishiwa redio. Japani, ambako wengi wetu tunaagiza magari, ilitenga masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, baadaye ikasogeza hadi 95. Huku kwetu stesheni zimejipanga kuanzia 87.5 hadi 108. Gari linashuka melini Dar es Salaam au Mombasa na redio nzima kabisa, lakini ukitafuta stesheni unapata mbili tatu, kwingine kote ni mvumo mtupu. Basi mwenye gari anakwenda kwa fundi redio. Dashibodi inang'olewa, redio ya Kijapani inatoka, inaingia nyingine yenye kioo kikubwa, na kabla ya adhuhuri mteja anaondoka zake akisikiliza taarabu. Mkononi mwa fundi zimebaki skrubu mbili zilizokosa kwao. Anazitia kwenye kopo lenye skrubu za wengine.

Hapo ndipo mambo yanapoanzia. Paneli za ndani ya gari zimeshikwa kwa klipu za plastiki zilizotengenezwa ziingie mara moja na kutoka kwa nadra sana. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8. Tanzania huingia hata yaliyozidi hapo, mradi yalipiwe ushuru wa ziada. Klipu iliyokaa miaka yote hiyo juani imekauka, na ukiing'oa kwa bisibisi inakatika shingo. Cha ajabu ni kwamba ikikatika, paneli bado inakaa mahali pake kama kawaida. Macho hayaoni kitu. Mwezi mmoja baadaye, kwenye tuta la kwanza la barabara ya vumbi, kitu kinaanza kusema ndani ya dashibodi, na aliyebadilisha redio hakumbukwi tena.

Mafundi wa injini tunao, wa giaboksi tunao, wa umeme tunao mpaka wa kumwaga. Ukienda kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ukasema gari linachemsha, utazungukwa. Ukisema kuna kitu kinalia ndani, kidogo tu, wakati fulani fulani, utaona watu wanakumbuka kazi nyingine. Gari hilo halina ugonjwa. Linawaka, linatembea, linapiga breki, na kipimo cha kompyuta hakionyeshi kosa lolote. Kutafuta kitu cha aina hiyo kunakula siku nzima na dawa yake huenda ikawa kipande cha kitambaa kinachotosha kufunika kidole gumba. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii vizuri ni wachache, na nadhani ndiyo maana nawapenda.

Mmoja wao ana gereji chini ya mwarobaini, Tabata. Ni mzee mwembamba asiyependa redio iwashwe karibu yake, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa gereji. Vijana wake wanamwita Mzee tu. Nilikaa pale kwenye benchi siku alipoletewa gari dogo la Kijapani na dada mmoja mwalimu wa sekondari, aliyekwisha kubadilishiwa shokapu za mbele kwingine bila mafanikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linaliaje?"

"Nyii, nyii. Hapa mbele, katikati."

"Asubuhi unalisikia?"

"Asubuhi hapana. Nikitoka kazini saa saba ndiyo linaanza."

"Na ukiwasha AC?"

Alifikiri kidogo. "Linanyamaza. Si papo hapo lakini, mpaka nifike Buguruni huko."

"Kwenye lami?"

"Lami hapana. Kwenye vitofali vya saruji, na nikikata kona kuingia getini."

Mzee akatikisa kichwa, akawa amekwisha kujua nusu ya alichotaka, na mlango wa gari hajaufungua bado.

Nusu hiyo ilitoka wapi? Kwanza kwenye saa. Nyuma ya dashibodi kuna boriti ya chuma inayokwenda kutoka mlango hadi mlango, na dashibodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni polipropilini, imening'inizwa juu ya boriti hiyo. Chuma na plastiki havipanuki sawasawa. Mita moja ya polipropilini tupu, joto lake likipanda nyuzi 40, hurefuka milimita 4 hivi. Mita moja ya chuma, kwa joto hilo hilo, hurefuka nusu milimita tu. Viwandani huichanganya plastiki na unga wa talki au nyuzi za kioo ili kuipunguzia kutanuka, na matundu ya skrubu huyafanya marefu kidogo ili paneli ipate pa kutembea. Hata hivyo plastiki itatembea. Gari lililoegeshwa juani tangu asubuhi, kufika saa saba dashibodi yake si ile iliyolala nayo usiku: kingo zilizokuwa zimeachana zimegusana, na zilizokuwa zimebanana zimelegea. AC ikipuliza kwa muda, kila kitu kinarudi kilikotoka, taratibu. Kelele inayoambatana na joto namna hiyo, mzee haitafuti kwenye shokapu.

Pili ni lile geti. Unapokata kona na kupanda mlango wa uani kwa mshazari, tairi moja la mbele linapanda kabla ya mwenzake, na bodi ya gari inajipinda kidogo sana. Hakuna anayeiona. Lakini vitu vilivyogusana ndani vinasuguana, polepole, kwa sehemu ya milimita. Kitu kinacholia gari likijipinda ni kitu kinachosuguliwa. Kingekuwa kinagonga, angekisikia zaidi kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi, yale yanayoachana nusu mita au mita nzima. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi hayo hulipiga tairi kati ya mara 11 na 22 kila sekunde, na chochote kilicholegea kitacheza.

Kusugua na kugonga ni koo mbili tofauti, na mtu asiyezitenganisha atapoteza siku. Kinachogonga kina nafasi: vitu viwili vimeachana kidogo na vinakutana kila gari likitikisika. Dawa yake ni kuifunga nafasi, kukaza, au kuweka kitu laini katikati. Kinachosugua hakina nafasi hata kidogo, na ukikikaza zaidi unaweza kukiongezea sauti. Vitu viwili vilivyobanana havitelezi kwa ulaini. Vinashikana, nguvu inajikusanya mpaka inashinda, vinaruka hatua ndogo, vinashikana tena. Mwaka 1939 Frank Bowden na L. Leben, pale Cambridge, walisuguanisha vyuma na kupima mwendo wake, wakaonyesha kwamba hata kile tunachodhani ni kuteleza mara nyingi ni mfululizo wa kushikana na kuachia. Mpiga zeze wa Kigogo anaitafuta hali hiyo hiyo anapoupitisha upinde juu ya uzi. Upinde unaushika uzi, unauachia, mara mamia kwa sekunde, na uzi unaimba. Dashibodi ya yule dada nayo ilikuwa inapigwa zeze, ila mpigaji hakujulikana alikaa wapi.

Na kumtafuta kwa masikio peke yake ni shida, kwa sababu masikio hayakuumbiwa kukaa ndani ya kisanduku cha vioo. Lord Rayleigh alieleza mwaka 1907 jinsi tunavyojua sauti inatoka upande gani: sauti nene kwa tofauti ya wakati kati ya sikio moja na jingine, tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, sauti nyembamba kwa sababu kichwa huizuia isifike kwa nguvu sikio la pili. Njia hizo mbili zinakwambia kulia au kushoto. Juu au chini, mbele au nyuma, masikio yanabahatisha. Sasa mkalishe mtu kwenye usukani, kioo kimoja kikiwa karibu na sikio lake la kulia na kingine kimelala mbele ya uso wake. Kelele inayotokea kwenye mzizi wa kioo cha mbele inakipiga kioo, inaruka, na dereva anaapa inatoka nyuma ya usukani. Zaidi ya hapo, sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi ya kama mara 15 kuliko hewani. Kitu kinagonga chini ya siti ya nyuma, chuma cha sakafu kinaibeba, na kinachotetemeka hewani ni paneli ya mlango wa mbele. Mwenye gari anaubomoa mlango usio na kosa.

Kwa hiyo mzee hamwamini mteja anayeonyesha kwa kidole. Anamsikiliza kwa heshima zote, kisha anaanza mwanzo.

Mwanzo ni kulitoa gari kila kitu. Kijana alitandaza turubai na vitu vikaanza kushuka: sarafu, miwani kwenye kijisanduku cha darini, chupa ya maji chini ya siti, mwavuli, funguo za zamani, pembetatu za dharura, jeki, spana ya tairi. Tairi la akiba lilikaguliwa kama nati yake imekazwa. Vichwa vya siti vilisukumwa chini hadi mwisho. Mkanda wa abiria ulioning'inia ulifungwa kwenye kishikio chake, kwa maana ule ulimi wa chuma ukiachwa huru hugonga plastiki ya nguzo ya mlango na kuwaliza watu wazima. Chini ya usukani kulikuwa na kile kisanduku cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, ambacho kwenye magari mengi ya huku bado kinamsemesha mwenye gari Kijapani kila anapowasha. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi ya pande mbili iliyolainika kwa joto, kinashikwa na waya tu. Mzee alikiondoa bila maelezo. Mwalimu akasema alikuwa amekizoea.

Magari yasiyo haba huponea hapo. Mzee mwenyewe anasema watu humletea kelele ya jeki wakidhani wamemletea kelele ya gari.

Kisha tukatoka kwenda barabara ya vitofali, kijana akiendesha polepole, mzee kwenye siti ya abiria, mimi na mwalimu nyuma. Siwezi kusema alikuwa anasikiliza. Alikuwa amefumba macho, na mikono ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akabonyeza. Nyii iliendelea. Akasogeza kiganja upana wa kiganja kimoja, akabonyeza tena. Akashika kingo za matundu ya AC. Akaminya kifuniko cha saa za mwendo kwa vidole viwili. Hakuruka sehemu hata moja na hakurudia aliyokwisha kupita. Alipofika kwenye fremu ya redio na kuisukuma kwa kidole kimoja kona ya chini kulia, sauti ilipanda, ikawa nyembamba zaidi. Aliposukuma kona ya juu, ikakatika. Akaachia, ikarudi. Kubonyeza huku, kwangu mimi, ndiko kiini cha kazi nzima: anabadilisha jambo moja tu, anangoja, anasikia nini kimebadilika. Wengi hubadilisha mambo matatu kwa pamoja, kelele ikinyamaza hawajui ni lipi lililoinyamazisha.

Kidole kilionyesha eneo. Hakikuonyesha mahali hasa. Mzee akatoa mfukoni kitu nilichodhani ni takataka: vocha ya simu iliyotumika, imekatwa vipande vyembamba. Alichukua kipande kimoja, akakiingiza kwenye mwanya kati ya fremu ya redio na dashibodi, akakitembeza kuzunguka. Kilipita kwa ulaini upande wote wa kushoto. Juu kilipita. Kilipofika kulia, chini kidogo ya katikati, kikakwama. Alikirudisha, akakileta tena, kikakwama hapo hapo. Akaweka alama kwa kalamu ya nta pande zote mbili, urefu usiozidi ukucha. Akakiacha kipande cha vocha kimekaa humo kwenye mwanya, akamwambia kijana aendeshe.

Vitofali vilipita chini yetu. Kimya. Geti la kwanza la mshazari, kimya. Mwalimu akasema, "Mzee, umeshatengeneza?" Naye akajibu, "Bado, mwanangu. Nimeijua tu."

Mtu mwenye haraka angeishia hapo, angeiacha vocha humo na kuchukua hela. Nimeona magari yenye vipande vya kadibodi, vijiti, hata karanga mbichi zilizosukumwa kwenye mianya ya dashibodi. Yananyamaza wiki mbili. Kurudi chini ya mwarobaini ndiko kulikonifundisha tofauti. Kwanza alichomoa waya wa betri, akangoja dakika kadhaa. Dashibodi ina mifuko ya hewa, na waya zake zimevaa soketi za njano ili mtu ajue pa kutogusa. Hawezi kumruhusu kijana yeyote kusukuma sponji au kitambaa nyuma ya plastiki ya nguzo ya mbele, palipokunjwa pazia la hewa kwenye magari yaliyo nalo, hata kama kelele iko hapo hapo. Pazia likifumuka siku ya ajali linahitaji njia yake wazi. Paneli inayofunika airbagi ya abiria haigundishwi, haibandikwi kitu. Kelele ya hapo atakwambia uivumilie au ununue paneli nyingine.

Akabandika utepe wa karatasi kuzunguka kingo zote zitakazoguswa na kifaa. Kifaa chenyewe ni mpini wa mswaki wa zamani uliosuguliwa kwenye jiwe mpaka ukawa bapa. Bisibisi haiingii kwenye plastiki mkononi mwake. Alianza na pembe ya chini, akasikiliza klipu ikitoka, akahamia ya pili. Kila skrubu iliyotoka ilichomekwa kwenye kipande cha boksi ambacho juu yake alikuwa ameichora dashibodi yenyewe kwa kalamu, kwa mkono wa haraka lakini unaotambulika, na skrubu ikakaa juu ya mchoro mahali ilipotoka ndani ya gari. Fremu ilipotoka, mchoro ukabaki na matundu mawili matupu. Nilikumbuka lile kopo.

Kosa lilikuwa wazi sasa. Fremu ya redio mpya ilikuwa imetengenezwa kwa tundu la gari jingine lenye kufanana, kubwa kwa unene wa karatasi. Fundi redio aliisukuma, ikaingia. Asubuhi ilitosha. Saa saba, dashibodi ikitanuka, ukingo wa plastiki ngumu ya fremu ulibanwa na polipropilini ya dashibodi kwenye ule urefu wa ukucha, na palikuwa pamesuguliwa mpaka pameng'aa. Alinipa nipaguse. Ulikuwa ulaini wa kioo, wenye unga mweupe kidogo pembeni. Unga huo ni plastiki iliyosagika.

Alichukua msasa laini, akaukunja juu ya kipande cha ubao, akasugua ukingo wa fremu kwa mipigo mifupi, kila mara akiirudisha kwenye tundu na kupitisha vocha. Mara ya kwanza ikakwama, mara ya pili ikaburura, akasugua tena. Hakuona haraka ya kuondoa plastiki nyingi. Vocha ilipopita kwa uzito ule ule pande zote, akaacha. Ndipo akabandika utepe wa kitambaa kwenye ukingo uliosuguliwa, akazirudisha skrubu zilizokuwepo, na kwa matundu mawili matupu akachagua skrubu kwenye mfuko wake, akipima nyuzi zake kwa kucha.

Utepe huo naomba nikae nao kidogo. Watu hupenda kutumia mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa kuwa upo na ni bure. Mpira dhidi ya plastiki unaweza kulia wenyewe, tena vibaya zaidi. Sponji ya godoro hukaa vizuri mwaka wa kwanza, kisha joto la dashibodi huigeuza unga. Utepe wa umeme gundi yake hulainika na kuhama, ikaacha uchafu unaonata. Mzee hutumia ule mkanda wa kitambaa chenye manyoya unaozungushwa kwenye mafungu ya waya ndani ya magari kiwandani, hasa ili waya zisigonge. Huukata kutoka kwenye magari yaliyobomolewa, ukiwa bado mzima, anauhifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Kiwanda kilikwisha kulitatua tatizo hili, yeye amesogeza jibu lake sentimita chache tu.

Vilainishi navyo ana msimamo. Mipira ya milango ikikauka hulia kwenye fremu ya mlango, na kuna watu huipaka oili ya injini au dizeli. Inanyamaza jioni ile. Mpira wa milango mara nyingi ni aina isiyopatana na mafuta ya petroli. Huvimba, hulainika, baadaye mvua inaingia. Silikoni haiudhuru. Kabla hata ya silikoni, yeye hupaka poda ya mtoto kwenye mpira wa mlango mmoja tu na kumwambia mteja azunguke. Poda haikai, na haikusudiwi kukaa. Kelele ikikatika, mlango umejulikana.

Viwandani kazi hii ina vyumba vyake. Gari zima huwekwa juu ya mitambo inayolitikisa kimya kimya, isiyo na mvumo wake yenyewe, huku chumba kikipozwa na kupashwa joto, na wahandisi wamekaa ndani wanasikiliza. Chama cha watengenezaji magari cha Ujerumani, VDA, kina kanuni namba 230-206 ya kupima jozi za vifaa: plastiki hii dhidi ya ngozi ile, zinasuguanishwa polepole kwa uzito na mwendo tofauti, na kila jozi inapewa namba kuanzia 1 hadi 10. Ikipata 1 hadi 3 ni salama. Ikifika 6 kwenda juu, siku moja italia. Tangu magari ya umeme yaingie sokoni kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi, maana mvumo wa injini uliokuwa unafunika madhambi mengi haupo. Na sikio la binadamu lina ukali wake mkubwa kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, ambako mikwaruzo mingi ya plastiki huangukia. Mzee hajui kanuni hiyo ya Wajerumani. Lakini jozi anazijua: atakwambia plastiki ya nguzo na ukingo wa dashibodi vikigusana vitalia, na kapeti na plastiki hata vikigusana vitanyamaza.

Kuna kelele asizokubali kuzinyamazisha. Mgongano wa chini unaopanda kwenye usukani ukipita shimo, hata kama mteja anausikia kwenye dashibodi, unampeleka chini ya gari na jeki: stabilaiza linki, boljointi, bushi za lower arm, kitako cha shokapu juu. Kelele inayokatika ukikanyaga breki kidogo, anafungua tairi atazame klipu za padi, ambazo mafundi wengi huzitupa wakibadilisha padi kwa kudhani ni mapambo. Hizo ni kelele zenye habari. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja mwenye teksi, aliyetaka tu "izibwe", aende akabadilishe boljointi ndipo arudi.

Malipo yalikuwa shilingi 30,000. Mwalimu alizitoa bila neno. Jamaa aliyekuwa benchini akisubiri gari lake ndiye aliyenung'unika kwa niaba yake: elfu thelathini kwa msasa na kitambaa? Mimi naona ni bei ya chini mno. Shokapu zilizobadilishwa bure zilimgharimu mwalimu mara nyingi zaidi ya hapo, na yule aliyeziuza hakuulizwa, kwa sababu shokapu ni kitu cha kushika mkononi. Kubonyeza na kungoja hakuna risiti. Fundi anayelipwa kwa kipuri atatafuta kipuri, na mimi ningemlipa mzee hata kama angetumia mate tu.

Wakatoka kulijaribu mara ya mwisho, jua likiwa limeelekea Kimara na hewa imepoa. Waliporudi mwalimu alikuwa anatabasamu, lakini kichwa amekiinamisha upande.

"Mzee, ile imekwisha kabisa. Ila sasa nasikia kitu kingine. Mlango wa nyuma kulia. Kidogo sana."

"Kilikuwepo," mzee akasema. "Ile ya mbele ilikuwa inakifunika."

Akaufungua mlango wa nyuma, akaufunga, akabonyeza paneli kwa kiganja pale penye kioo, akasikiliza. Akaufungua tena, akaupiga kwa ngumi laini chini ya mpini. Kijana alikwisha kushika mswaki.

"Weka. Umeshapoa, hautasema ukweli," akamwambia. Kisha akamgeukia mwalimu. "Njoo Jumamosi, mwanangu. Liegeshe juani asubuhi yote, vioo umefunga. Uje saa saba."